Mwaka wa Rangi ya Unga

Sengi Minza alifariki wakati pamba inavunwa. Mwanawe Yohana alinipigia simu huku Maswa asubuhi, nikiwa uani kwangu nimejifunga barakoa, bunduki ya kupulizia rangi mkononi, rimu za pikapu ya mteja zikining'inia mbele yangu. Sengi kwa Kisukuma ni shangazi, dada wa baba, na huyu alikuwa zaidi ya hapo kwangu, lakini dakika ile nilimwambia Yohana pole tu. Alikuwa ameugua muda mrefu na sote tulishajiandaa. Yohana akanipa habari za mazishi, kisha akasema, "Dada, baba anaomba jambo. Siku ya kuzika tutaweka msalaba wa mbao. Ule wa chuma, wa kujengea kaburi, anataka uutengeneze wewe. Anasema uupake rangi yako ile isiyobanduka." Nikasema sawa. Nikamaliza rimu za watu, nikazitia tanurini, ndipo nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikalia. Sikulia sana. Kazi ile haisubiri, ukipitiliza muda rangi inageuka ya manjano.

Wateja wakinikuta na ovaroli huniuliza nimesomea chuo gani. Wengine huuliza mwenye karakana yuko wapi, na nikiwajibu kwamba wanaongea naye huangalia mlango wa nyumba wakitegemea mwanamume atoke. Sikusoma chuo. Kazi hii nilijifunzia uani kwa Sengi Minza, Bariadi, kwenye tanuri la mikate, miaka ile serikali ilipolegeza kamba na kila mwenye chochote akaanza kukiuza. Nilivyofika pale kutoka Mwandoya, na nani alikubali na nani alikataa, ni habari ndefu na si ya sura hii. Itoshe kwamba nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, nimetumwa kumsaidia sengi kuoka mikate, na nilipofika mikate ilikuwa imeshakufa.

Iliuawa na malori. Kabla ya hapo mji mzima ulikula mikate ya sengi, mizito, yenye ukoko mgumu, ambayo ulilazimika kuikata kwa kisu kikali huku umeshikilia meza. Kisha biashara zikafunguliwa, na wafanyabiashara wakaanza kuleta mikate ya Mwanza iliyokatwa tayari, ndani ya nailoni, laini hata bibi asiye na meno akaweza kuila. Sengi hakulalamika. Alizima tanuri lake siku moja na hakuliwasha tena. Lilikuwa pipa la mafuta lililolazwa, limezungushiwa matofali ya udongo, na mlango wa bati mbele. Mkaa uliwekwa chini ya pipa na juu yake. Nilipofika kuku walikuwa wanatagia humo.

Mumewe, Mzee Lukas, alikuwa fundi wa magari kwenye gereji ya chama cha ushirika. Waliporuhusiwa wanunuzi binafsi wa pamba, malori ya ushirika yakaegeshwa, na baada ya malori akaegeshwa na yeye. Alikuwa mtu mrefu, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kusoma matangazo hata akiomba chumvi. Alipata kibarua kwenye kiwanda kipya cha kuchambua pamba ambacho mnunuzi mmoja alikuwa anakijenga nje ya mji, na huko akawaona mafundi wageni wakipaka mifuniko ya mashine rangi ambayo haikuwa ya maji. Ilikuwa unga mkavu. Waliupuliza kwa bunduki ya umeme, ukang'ang'ania chuma, wakakitia chuma kwenye joto, unga ukayeyuka ukawa ngozi. Walipomaliza walichukua bunduki yao wakaondoka, wakaacha madumu mawili ya unga, la buluu na la nyeusi. Mzee Lukas akaomba apewe, akapewa. Mtaani kwetu umeme ulikuwa haujafika, na bunduki hatukuwa nayo. Aliyashusha madumu uani, akakaa akiyaangalia, halafu akageuka akaliangalia tanuri.

"Na kuku je?" sengi akauliza.

"Kuku watatafuta mahali, Mama Yohana."

"Na mikate je?"

"Mikate ipi?"

 Sengi alikwenda kuwatoa kuku mwenyewe, mmoja mmoja, akizungumza nao kwa Kisukuma kuwaomba radhi.

Kwa vile hatukuwa na bunduki, mzee aliugeuza utaratibu. Tulikipasha chuma kwanza, mpaka tone la maji likidondokea linarukaruka, tukakitoa kwa ndoano, tukakichekechea unga kwa kipande cha chandarua kilichokunjwa, kisha tukakirudisha ndani. Chuma cha kwanza kilikuwa kifuniko cha injini ya lori lililokufa. Nilifunga khanga puani nikashika chandarua. Unga ulidondoka ukakaa juu ya chuma kama unga wa sembe juu ya ungo, mkavu, hauna hata dalili ya rangi inayoeleweka. Tukarudisha. Mzee alifungua mlango kidogo ili nichungulie. Niliuona unga ukiwa mweusi zaidi, ukawa na vipele kama vya mtu mwenye baridi, halafu ghafla ukalowa. Ulilowa wenyewe, bila maji, ukatandaa, ukang'aa, na kile kifuniko kilichokuwa na kutu asubuhi kikawa kitu cha buluu ambacho hakikuwahi kuwapo Bariadi. Nimeona hali hiyo kila wiki kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na bado nachungulia. Siku ile nilijua kwamba sitaki kurudi Mwandoya. Sikumwambia mtu, lakini mwaka ule wote nilikuwa na shaka moja tu, kama wataniruhusu kubaki.

Tuligawana kazi. Mimi nilisugua kutu kwa brashi ya waya na msasa, mzee akaosha kwa petroli, sengi akawa mwenye moto, kwa sababu tanuri lilikuwa lake na hakuna aliyelijua joto lake kama yeye. Ndiye pia aliyefinyanga vizibo vya udongo vya kuziba matundu ya nati ili rangi isiingie. Tatizo letu kubwa lilikuwa upepo. Bariadi wakati wa pamba nyuzi huelea hewani, unazikuta kwenye chai, kwenye nywele, kwenye kope za ng'ombe. Basi vyuma vikishaoshwa jioni tulivilaza sebuleni juu ya meza, tukavifunika shuka nyeupe, vingoje moto wa asubuhi. Tulikula pembeni yake. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, ugali wa mtama kwa mlenda, Jumapili maziwa ya mgando, na katikati yetu bampa la mtu limefunikwa shuka. Mzee aliomba baraka ya chakula, na mara nyingine alipofumba macho nilimwona sengi amefumbua yake anaiangalia ile shuka.

Vyuma vya mwanzo vilikuwa vya kwetu wenyewe, vya majaribio, na vilitoka vizuri. Kisha kikaja cha mteja wa kwanza, grili ya pikapu, na kwa bahati mbaya upepo ukavuma wakati tunaitoa. Nyuzi za pamba zikanasa kwenye rangi mbichi. Mzee alikaa mbele ya ile grili mchana mzima hakula. Haikuwa kosa la mtu, na yeye mwenyewe alisema hivyo. Lakini baada ya grili ile mambo yakaharibika kwa namna nyingine.

Yakaanza macho. Ndivyo mzee alivyoviita, vitundu vya mviringo ambamo rangi imekimbia na chuma kinachungulia katikati. Vilikuja kwa kundi, mahali pamoja, sehemu nyingine yote ikiwa safi kabisa. Kikatoka kifuniko na macho, kikatoka kishikio cha betri na macho. Mzee alikwangua, akaosha, tukarudia, yakarudi. Siku moja alikibeba kifuniko mpaka juani, akakiinamia muda mrefu, akaweka dole gumba lake juu ya lile kundi la macho. Lilienea kamili.

"Hiki ni kidole," akasema. "Kidole cha mtu mwenye mafuta."

Sote watatu tukajiangalia mikono, lakini yeye aliangalia miguu yangu. Ilikuwa inang'aa. Msichana gani hapaki mafuta kiangazi? Nilikuwa nayo ya kopo, ya dukani, nilipaka miguuni na kichwani kila nikioga, na yalinukia maua ambayo sijui ni ya wapi. Mzee hakugomba. Alisema tu kwamba tangu siku ile mafuta yamekatazwa kwa mtu yeyote anayegusa chuma, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nikapauka. Asiyekijua kiangazi cha kwetu hawezi kuelewa. Ngozi ilikauka, ikapasuka visigino, mikono ikawa ya kijivu. Kisimani wasichana wenzangu walinicheka, "Kabula, kwani siku hizi unalala ndani ya unga?" Kanisani akina mama walimvuta sengi pembeni wakamuuliza kama nilikuwa nakula. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, kwa sababu macho hayakukoma. Yaliongezeka. Nilinawa kwa sabuni ya magadi mpaka vidole vikatoka damu, na asubuhi iliyofuata chuma kilitoka na makundi mawili ya macho badala ya moja. Mzee alianza kuniangalia kama anavyoangaliwa mtu anayepaka kwa siri.

Kuta za nyumba ile hazikufika juu. Ulikuwa unalala chumbani kwako na kusikia mwenzako wa chumba cha pili akigeuka kitandani. Mchana mmoja baada ya chakula, wamejipumzisha, nikamsikia mzee.

"Mama Yohana, huyu mtoto ana mikono mibaya."

"Hana."

"Limbu amesema ataleta rimu za malori yake kabla msimu haujakolea. Zikiharibika zile, hakuna mnunuzi mwingine atakayetuletea hata nati. Tumekwisha. Hizo ndizo za mwisho kwake. Zikitoka na macho, Kabula anarudi Mwandoya, natafuta kijana."

"Mpe muda, Baba Yohana. Mimi namshughulikia."

"Unamshughulikiaje?"

"Namwombea," sengi akasema, na mzee, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, akaitikia amina.

Nililala chali nikiangalia mabati. Nilifikiri juu ya ng'ombe wa Mwandoya, na zile asubuhi za kule ambazo hazina kitu cha kuchungulia. Nikamshukuru sengi moyoni kwa kuniombea.

Limbu alikuja na rimu zake kwa kishindo. Alikuwa mnunuzi wa pamba kijana, mwenye tumbo lililoanza na malori madogo mawili yaliyokwisha tumika kutoka Japani, na alizunguka mpaka Bukundi kutafuta mzigo. Alimwamkia sengi kwa heshima zote, "Mwangaluka, mayu," akapokea kiti, akakataa chai, akainywa. "Mzee wangu," akamwambia Mzee Lukas, "nataka ile buluu. Siku hizi wanunuzi ni wengi, kila mtu ana mzani na kila mtu anaapa. Nataka mkulima akiona gurudumu kwa mbali ajue huyo ni Limbu, kabla hajaniona sura." Mzee akasema atazipata. Limbu akacheka, akanitazama mikono, akauliza, "Na huyu dada mbona kapauka hivi, ni yeye mnayempaka unga?" Wakacheka wote isipokuwa sengi na mimi.

Tulizisugua na kuziosha. Jioni zikalazwa sebuleni, nyingine mezani, nyingine juu ya viti, zikafunikwa shuka. Asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, nilitoka kwenda kisimani, nikafika mtaa wa pili nikakumbuka nimesahau ngata yangu, kile kitambaa cha kuviringisha kichwani chini ya ndoo. Nikarudi. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kidogo. Sengi alikuwa amepiga magoti kando ya meza, shuka ameifunua, na mkononi ana kibuyu kidogo cha samli. Alichovya dole gumba, akalikandamiza kwenye rimu, akanong'ona kwa Kisukuma, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. "Toka salama. Usituaibishe." Akachovya tena, akakandamiza mara ya pili. "Ya kwanza ya kazi. Hii ya Kabula." Akahamia rimu ya pili.

Nilisimama pale na ndoo yangu. Kwanza sikuelewa, kisha nikaelewa yote kwa pamoja. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kwa jembe jipya, kwa chungu kipya, hata kwa viatu vya shule vya Yohana, dole moja la samli ili kitu kianze vizuri, kama mama yake alivyofanya. Kwake hayo hayakuwa mafuta. Mafuta ni yale ya dukani, ya kopo, yasiyojulikana yametoka kwa mnyama gani. Samli ni ng'ombe, ni maziwa, ni kitu kisafi kuliko maji. Ile grili ilipoharibiwa na upepo aliona kazi imekosa baraka, akaanza kuipaka. Macho yalipotokea akaona baraka haitoshi. Niliposingiziwa akanionea huruma, na kila alivyonihurumia ndivyo alivyoongeza samli.

Ningeweza kumwamsha mzee. Nakumbuka nilipiga hatua. Lakini mwaka uliotangulia mama mmoja jirani alikutwa amemfunga mwanawe kamba ya dawa kiunoni, akasimamishwa mbele ya kanisa, akazuiwa kushiriki meza ya Bwana, na aliyesimama kusoma habari zake kwa ile sauti ya matangazo alikuwa Mzee Lukas. Nyumbani alikuwa ameshasema, na si mara moja, kwamba mambo ya kienyeji yakionekana chini ya paa lake atayasoma mwenyewe bila kujali ni ya nani. Nilimjua. Angeyasoma. Na sengi, aliyeishi kwa ajili ya ile Jumapili yake, akiwa ameketi upande wa akina mama na kitambaa cheupe kichwani, angekaa nyuma karibu na mlango. Kwa upande mwingine kulikuwa na Mwandoya.

Sikwenda kisimani. Nilimfuata sengi uani alipokwenda kuwasha moto, nikachuchumaa kando yake. Alikuwa anapepea mkaa kwa kipande cha boksi.

"Sengi," nikamwambia, "mtoto hupakwa samli lini?"

"Akishatoka. Wakishamwogesha."

"Hapakwi akiwa bado tumboni?"

Akacheka. "Utampakaje tumboni, we mtoto? Mkono utaupitisha wapi?"

"Basi zile rimu, sengi, bado ziko tumboni."

Akaendelea kupepea kidogo, halafu mkono ukasimama. Aliliangalia tanuri, ule mlango wake wa mviringo uliokuwa wazi, mweusi ndani.  Kisha akaangalia miguu yangu, iliyopauka, yenye mistari kama ardhi ya majaruba yaliyokauka, akanyoosha mkono akaushika wayo wangu uliopasuka.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Miguu yote hii, kumbe ni mimi."

 Aliushika ule wayo huku moto ukivuta nyuma yake. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Utamwambia?"

"Nitamwambia nimeacha mafuta."

"Si ulishaacha?"

"Nitamwambia sasa ndiyo nimeacha kweli."

Mzee alipotoka kupiga mswaki nilimwendea. Nilisema nilikuwa napaka mafuta kwa siri, kidogo, kwa sababu wasichana walinicheka, na jana yake nimezishika rimu kwa mikono ile, na naomba nizioshe upya zote kabla ya moto. Mswaki ulibaki mdomoni. Aliniacha nisimame pale mpaka nikahisi jua mgongoni. Kisha akatema, akasema maneno ambayo sitayaandika, si matusi, alikuwa hatukani, lakini yalikuwa ya mtu aliyedanganywa ndani ya nyumba yake. Akamaliza, "Osha. Likitoka jicho moja, hata moja, kesho unapanda gari." Sengi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono ameificha ndani ya khanga. Alifungua mdomo. Nilimkazia macho, akaufunga.

Niliziosha kwa petroli, nikaziosha kwa sabuni, nikaziosha tena kwa petroli. Sengi alirudishia vizibo vya udongo kwa vijiti viwili, bila kugusa chuma, kama anayeokota kitu kwenye makaa. Rimu ya kwanza iliingia tanurini kwa taabu, tukaitoa kwa ndoano mimi na mzee, nikachekecha unga bila kupumua, ikarudi.  Mzee alipofungua mlango hakuniita kuchungulia. Alichungulia yeye, na mimi nikawa naisoma shingo yake. Shingo haikusema kitu. Tukaitoa, tukaitundika ikapoa. Aliizunguka, akaipapasa ndani na nje, akaingiza kidole kwenye kila tundu, halafu akasema, "Lete ya pili."

Hapakuwa na jicho. Rimu zote zilipokuwa zimetundikwa uani, za buluu, zimetulia, mzee alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani, maana siku ile alivaa suruali hiyo sijui kwa nini. Na hapo ndipo Sengi Minza alipotoka ndani na kibuyu chake, mchana kweupe, mumewe akimwangalia. Alichovya kitambaa kwenye samli akaanza kuzisugua rimu moja baada ya nyingine, mdomo wake ukitembea. Zilimetameta.

"Unafanya nini?" mzee akauliza.

"Nazing'arisha," sengi akasema. "Si zimeshatoka?"

Mzee akainamisha kichwa upande, akaziangalia. "Zinapendeza," akasema. "Afadhali samli yako kuliko yale makopo ya huyu."

Tangu siku ile likawa jambo la karakana. Chuma kikipoa mzee alikuwa anaita mwenyewe, "Mama Yohana, njoo upake," na wateja wakaamini ndiyo siri ya rangi yetu. Rimu za Limbu zilizunguka vijijini msimu mzima na wanunuzi wengine wakaona wivu. Ilifika mahali gari la buluu nusu lilikuwa jambo la kawaida Bariadi. Dumu la buluu lilipoisha tukaingia la nyeusi, na mvua zilipoanza mzee alinituma mimi kwenda Mwanza kutafuta unga mwingine, mimi peke yangu, na hivyo nikajua kwamba nimebaki. Usiku wa kuamkia safari sengi aliniletea kibuyu. Alinipaka samli miguuni kwa mikono yake, taratibu, mpaka kwenye magoti.

Hatukuwahi kuizungumzia ile asubuhi ya rimu. Niliondoka pale miaka mingi baadaye kuanzisha yangu Maswa, nikanunua bunduki, nikanunua tanuri la umeme lenye saa. Vijana ninaowafundisha huosha mikono kama madaktari na hawajui samli ni ya nini. Nimejiuliza kama nilimtendea haki Mzee Lukas kumficha, na jibu langu hubadilika kufuatana na siku. Kwa sengi sijawahi kujiuliza. Alikaa upande wa akina mama na kitambaa chake cheupe mpaka miguu iliposhindwa kumpeleka.

Msalaba niliukata mwenyewe, nikauchomelea, nikausugua. Nilichagua buluu. Kabla ya kuutundika nilikwenda jikoni nikachukua samli, nikaupindua msalaba, na kwa nyuma, pale vyuma viwili vinapokutana, nikakandamiza dole gumba. Ya kwanza ya kazi. Kisha mara ya pili, ya Sengi Minza. Kijana wangu alinitazama akidhani uzee umenianza. Rangi ilitoka safi upande wa mbele kama kioo, na nyuma ikatoka na makundi mawili ya macho.

Tulijengea kaburi Jumamosi, ndugu wamejaa. Mzee Lukas alikuwa ameketi kwenye kiti chini ya turubai. Macho yake yamekwisha sasa, anaona mwanga tu, lakini sauti ni ile ile. Aliposikia nimefika aliwaambia wageni, "Huyu ndiye aliyeniharibia vyuma mwaka mzima kwa mafuta yake ya dukani. Nilitaka kumrudisha Mwandoya. Mama Yohana ndiye aliyemwombea." Watu wakacheka, nami nikacheka. Akaomba aletewe msalaba. Yohana na mwenzake wakaulaza magotini kwake. Aliupapasa mbele kutoka juu mpaka chini, polepole, akiguna kwa kuridhika. Halafu mkono ukapita nyuma, kwa mazoea ya fundi, ukapanda, ukafika katikati, ukasimama. Kidole kikayazunguka yale macho, kundi la kwanza, kisha la pili. Watu walikuwa wanaongea. 

"Kabula."

"Naam, baba."

"Bado unapaka mafuta kwa siri."

"Bado, baba."

Akatikisa kichwa. Walipotaka kuuchukua msalaba wakausimamishe, iliwabidi wangoje, kwa sababu mzee alikuwa ameweka dole gumba lake pale pale na hakuwa tayari kulitoa.